Enterococcus faecium wa jibini si yule wa wodini

Je, kukuta bakteria Enterococcus faecium kwenye jibini kunamaanisha umekula yule sugu wa hospitalini, asiyesikia dawa? Hapana. Jina ni la spishi nzima, na ndani yake kuna koo (wingi wa ukoo) zilizoachana mbali. Wanaosumbua wodini wamebeba jeni kama vanA au vanB, zinazowafanya wahimili antibiotiki ya vankomisini. Hao ndio WHO iliwaweka kwenye orodha yake ya 2017 ya bakteria sugu wanaohitaji dawa mpya. Wa kwenye maziwa mara nyingi hawana jeni hizo. Antibiotiki za kundi la sefalosporini haziwawezi hawa wala wale, lakini huo ni usugu wa kuzaliwa.

Nafanya kazi maabara ya vyakula, na ukoo mmoja tunautegemea sana: NRRL B-2354. Unavumilia joto kama Salmonella au zaidi, lakini hauna jeni za hatari zinazojulikana kwa wenzao wa hospitalini. Ndiyo maana California wanaupaka kwenye lozi kupima kama mtambo wa mvuke unaua vya kutosha. Huwezi kuingiza Salmonella halisi kiwandani, watu watakula kinachotoka humo.

Ila usiamini kila chenye jina hili. Bakteria hawa hupokezana jeni kwa plasmidi (vipande vya DNA vinavyohama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine), hata ndani ya utumbo wa mtu, na kwa hilo mimi naona Ulaya wako sahihi: EFSA, mamlaka yao ya usalama wa chakula, haitoi kibali cha jumla kwa spishi hii. Ukoo wa kutia kwenye chakula cha mifugo hupimwa peke yake, ikiwemo kama antibiotiki ya ampisilini bado inauweza.