Nina alama 99 na N4 inataka 90. Mbona nimeanguka?

SWALI: Mwalimu, hujambo. Desemba nilifanya mtihani wa Kijapani wa JLPT, ngazi ya N4, hapa Nairobi. Nimepata 84 kwenye lugha na kusoma, 15 kwenye kusikiliza, jumla 99. Alama ya kupita ni 90, lakini matokeo yanasema nimeanguka. Je, wamekosea kusahihisha? Rafiki yangu ananishauri ninunue orodha rasmi ya maneno ya N4 kabla ya kurudia. Nifanyeje? – Msomaji, Thika

JIBU: Pole sana, lakini hawajakosea. Mbali na hiyo jumla ya 90 kati ya 180, kila sehemu ina kima chake cha chini: 38 kati ya 120 kwa lugha na kusoma, na 19 kati ya 60 kwa kusikiliza. Umepungukiwa alama nne za kusikiliza, na zile 84 haziwezi kuzifidia hata zingekuwa 110. Ukirudia utafanya mtihani wote upya, kwa sababu alama hazibebwi kutoka mwaka hadi mwaka.

Sasa hiyo orodha. Haipo! Tangu mtihani ulipofanyiwa mabadiliko mwaka 2010, waandaaji wake, Japan Foundation na JEES, hawatoi orodha ya msamiati, kanji (herufi zenye asili ya Kichina) wala sarufi ya ngazi yoyote. Anayekuuzia "orodha rasmi" anakuuzia makisio ya mtu mwingine, au masalia ya mtihani wa zamani. Makisio hayo yana faida yake kwa anayeanza, lakini wewe mwenye 84 maneno unayo tayari. Kinachonisikitisha ni kwamba kila matokeo yakitoka naletewa karatasi kama yako, na kila mwenye nayo anataka akakariri zaidi.

Angalia mtego wenyewe wa kusikiliza ulivyo. Meneja anamwambia karani atoe nakala za karatasi za mkutano. Karani anaitikia. Mara meneja anakumbuka kuwa viti havijapangwa; anasema nakala zingoje, viti kwanza. Swali: karani ataanza na nini? Aliyekariri anadaka "nakala", neno analolijua vizuri, na kuchagua picha ya mashine ya kutolea nakala. Hakuna neno hata moja lililomshinda, na bado amekosa. Kwenye kipengele cha majibu ya haraka ni kugumu zaidi: kijitabuni hakuna picha wala maandishi, unasikia sentensi moja na majibu matatu, mara moja tu. Ukiwa bado unatafsiri kichwani, swali linalofuata limeshaanza.

Kwa hiyo hela zako ziweke. Waandaaji wametoa vitabu viwili vya maswali, cha 2012 na cha 2018, na vyote vipo bure kwenye tovuti ya JLPT pamoja na sauti zake. Chukua mazungumzo mafupi, sikiliza bila kutazama maandishi, andika ulichosikia, halafu linganisha. Pale ulipokosea, rudia kwa sauti pamoja na msemaji, kwa kasi yake yeye, mpaka ulimi uzoee. Nusu saa kila siku hadi Desemba inatosha kuziba pengo la alama nne, tena na ziada.

Na wengine mnaosoma hapa, hasa mnaotafuta kazi Japani kwa viza ya ujuzi maalumu, ambako cheti cha N4 ni mojawapo ya vithibitisho vinavyokubaliwa: ninyi ndio mnaowindwa. Kuna wanaoahidi N4 kwa mwezi mmoja kwa mtu asiyejua hata hiragana, herufi za mwanzo kabisa za Kijapani. Kuna wanaouza "maswali yaliyovuja". Wabaya kuliko wote ni mawakala wanaosema watakupatia cheti bila kukaa mtihani. Hicho ni cheti cha kughushi, na kikigunduliwa kwenye maombi ya viza, jina litakaloharibika ni lako, wakala atakuwa ameshabadilisha laini ya simu. Hata kisipogunduliwa, utapelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, msimamizi akupe maagizo ya dawa kwa Kijapani cha kawaida, haraka haraka, na mgonjwa anasubiri. Mtu wa namna hiyo akikufuata, usimpe hata shilingi, na waonye wenzako darasani kabla hajawafikia.