Dhahiri kwa nani?

Nilihamia isimu nikitokea fasihi, nikadhani nyumba ni ileile, nimebadili chumba tu. Sura ya kwanza ya tasnifu yangu ilirudi kutoka kwa msimamizi ikiwa na duara jekundu kwenye "ni dhahiri kuwa", na pembeni: "Dhahiri kwa nani?" Nilipohesabu, nilikuwa nimeirudia mara 14 katika kurasa 20. Aibu.

Kule fasihi nilizoea "mwandishi amefanikiwa kwa kiasi kikubwa", na hakuna aliyeshtuka. Huku wanataka "kama inavyoonekana katika mfano (3)", yaani punguza kusifu, onesha. "Kwa mujibu wa" na "data zilikusanywa kwa kutumia" zinakaa pande zote mbili bila taabu. Maneno kama haya, yanayojirudia pamoja kwa mpangilio uleule, ndiyo mafungu ya maneno. Mwaka 2008 mwanaisimu Ken Hyland alilinganisha mafungu ya maneno manne katika maandishi ya Kiingereza ya uhandisi wa umeme, biolojia, biashara na isimu tumizi, akakuta yanatofautiana mno. Basi wewe unayeanza tasnifu, usiazime mafungu ya jirani kabla hujayajua ya kwenu.

Chukua makala kama kumi ya jarida ambalo ungependa likuchapishe, yageuze kuwa matini tupu (faili za .txt), yaingize kwenye AntConc. Ni programu ya bure inayotafuta na kuhesabu maneno yanayojirudia pamoja. Ila usitafute maneno manne manne kama wafanyavyo kwa Kiingereza. "Itakumbukwa kwamba" ni maneno mawili tu, na hilo la kwanza peke yake limebeba sentensi nzima. Anza na mawili.

Kisha utakutana na ngeli. "Utafiti huu umebaini kuwa", "tasnifu hii imebaini kuwa", "makala haya yamebaini kuwa": kompyuta inahesabu vitu vitatu, wakati ni kitu kimoja kimebadili nguo. (Ugomvi wa "makala hii" na "makala haya" siuingilii, nina familia.) Hapo mimi niliacha mashine, nikachukua daftari. Kila fungu niliandika pamoja na sentensi iliyolitangulia, maana "kwa upande mwingine" inadai upande wa kwanza uwe umeshatajwa, na rasimu nyingi ninazosoma siku hizi haziuoni.

Fungu likijitokeza kwa waandishi watatu au wanne tofauti, lichukue. Likirudi kwa mmoja tu, hata mara 30, hilo ni mazoea yake, mwachie mwenyewe.