Aliyekwambia "usijali, fildi utasamehewa" ana saini?

Simama hapo hapo mkuu, usisajili kitu kwanza. Umeandika kwamba unaanza MPA (shahada ya uzamili ya utawala wa umma), una miaka sita kwenye utumishi wa serikali, na mtu wa ofisi ya programu kakwambia "usijali, kwa uzoefu huo fildi utasamehewa" (fildi, yaani yale mafunzo ya vitendo kazini), halafu unatuuliza uchukue tasnifu au mradi wa mwisho na umwone nani kuhusu ufadhili. Mi nimefika kwenye hiyo "usijali" moyo ukanipasuka, maana neno hilo hilo niliambiwa na likanila mwaka mzima.

Ilikuwa hivi. Programu yetu ilikuwa ya krediti 42 na fildi ya saa 300, na ni kweli programu nyingi za utawala wa umma zinawasamehe fildi watu walioko kazini, kwa sababu fildi imewekwa hasa kwa ajili ya wale waliotoka shahada ya kwanza moja kwa moja na hawajawahi kukaa ofisi ya umma. Kwa hiyo siku ya utambulisho mshauri wa masomo aliponiambia, tumesimama mlangoni, kakumbatia rundo la mafaili, "wewe fildi haikuhusu, achana nayo", nikaachana nayo. Sikujaza fomu. Hata kwamba kuna fomu sikuambiwa! Nikaendelea na uchambuzi wa sera, bajeti, takwimu, usimamizi wa rasilimali watu, nafaulu, na kila nikipita pale ofisini wananisalimia kwa jina.

Muhula wa mwisho naingia kwenye mfumo kusajili mradi wa mwisho, unagoma. Narudia, unagoma. Nikaenda kwa msajili, kaka mmoja mpole akaigeuza skrini nione mwenyewe, mstari mwekundu: fildi, saa 0 kati ya 300. Akaniuliza barua ya msamaha iko wapi. Barua gani? Nikamtafuta yule mshauri, kumbe kashahamishiwa kitengo kingine, nikampigia simu akasema hakumbuki kama tuliwahi kuongea kitu kama hicho. Hakumbuki! Nimepanga miaka miwili kwa maneno yake na yeye hakumbuki. Mpaka leo nikimfikiria bado nafura, na sio kwa sababu alikosea, kukosea kupo, ila alijua fika hana mamlaka ya kumsamehe mtu chochote na bado akaongea kama anayo.

Na usidhani kilichoniumiza ni zile saa 300. Msamaha wenyewe nilipata, mkurugenzi wa programu alisaini baada ya wiki tano, nikiwa nimeambatanisha barua ya mwajiri na maelezo ya majukumu yangu. Ila mradi wa mwisho kwetu ulikuwa unafundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka, na wiki tano hizo dirisha la usajili lilishafungwa zamani. Nikakaa mwaka mzima nasubiri kozi moja, huku nalipa ada ya kubaki kwenye orodha ya wanafunzi, na nafasi kazini iliyokuwa inasubiri cheti changu akapewa mwingine, nikamkabidhi mimi mwenyewe yale mafaili.

Kwa hiyo nisikilize: ruhusa ambayo mwenye saini hajaiandika, ihesabu haipo. Mratibu wa programu ndiye anayejua kila kitu, tarehe, fomu, nani yuko likizo, mheshimu sana maana ndiye atakayekuokoa (mimi aliniokoa mratibu, alikaa mpaka jioni ananikusanyia karatasi), lakini hasaini. Mshauri anapendekeza. Mkurugenzi ndiye anayeidhinisha, na msajili anaingiza kwenye mfumo kile tu kilichoidhinishwa, hata akuonee huruma vipi hawezi kukuingizia maneno ya mlangoni. Na ni hivyo hivyo kwenye kubadilisha kozi, kuhamisha krediti, kuahirisha muhula, hata hiyo fildi ukiamua kuifanya, usianze kuhesabu saa kabla mahali hapajaidhinishwa kwa sababu sehemu nyingi saa za nyuma hazitambuliwi.

Kwa hiyo leo, kabla hujalala, muandikie imeili huyo aliyekwambia: "Tulivyoongea jana, ulisema naweza kusamehewa fildi kwa uzoefu wangu wa miaka sita. Naomba fomu husika, na unijulishe nani anaidhinisha na mwisho wa kuwasilisha ni lini." Nakala kwa mratibu. Usiandike kwa hasira wala kwa kumtega, huenda ni mtu mwema tu mwenye wanafunzi wengi. Ikishasainiwa subiri wiki mbili, kisha ingia kwenye mfumo uangalie ule mstari wa fildi kwa macho yako, na kama bado ni mwekundu nenda kwa msajili na barua mkononi.