Skripti ya PHP inatuma meseji mara mbili: nilivyotibu kwa kufuli la databesi

Mbukwenyi wakuu. Mkuu umesema skripti yako ya PHP ipo kwenye seva mbili, kroni (kipanga ratiba cha seva) inaiita kila dakika, wateja wanapata meseji mbili mbili, na ile kolamu ya "inaendelea" uliyoiweka kwenye tebo inaganda kwenye 1 mpaka uingie mwenyewe ukairudishe 0. Hili limeshanikesha aisee, ngoja niseme nilivyotoka.

Nilikuwa natunza mfumo wa chama kimoja cha wakulima wa zabibu huku Dodoma, mtu akishapima mzigo anatumiwa meseji ya kilo na hela yake. Msimu ulipochanganya, asubuhi moja mzee akanipigia: "Mjukuu wangu, hela imeingia mara mbili eeh? Maana nishamwambia fundi aje na bati." Nikamwambia hapana babu, ni meseji tu imejirudia, hela ni ileile. Akanyamaza, halafu akasema haya. Ile haya yake iliniuma sana, toka siku hiyo hili suala silichukulii poa.

Shida yako ipo hapa, unafanya SELECT uone kama ni 0 halafu ndo unafanya UPDATE iwe 1. Kroni za seva zote mbili zinaamka sekunde ileile ya 00, zote zinasoma 0, zote zinaingia ndani. Kusoma na kuandika vinatakiwa viwe tendo moja, yaani UPDATE yenye WHERE inaendelea = 0, kisha unaangalia rowCount() (idadi ya mistari iliyobadilika), ikirudi 1 kufuli, yaani haki ya kuendelea peke yako, ni lako, ikirudi 0 unatoka bila kelele.

Sasa ili isigande watu huongeza muda, kwamba kufuli likizidi dakika 10 lihesabiwe limekufa. Sawa, ila muda wa kuandika na wa kulinganisha wote utoke kwenye NOW() ya databesi. Mimi niliandika kwa date() ya PHP iliyokuwa kwenye UTC (saa za kimataifa) wakati MySQL, databesi yenyewe, ipo saa za kwetu, tofauti masaa 3, kwa hiyo kila kufuli lilizaliwa limeshaisha muda, nikahangaika siku mbili nzima natafuta bagi kwingine kabisa.

Ninachotumia leo ni GET_LOCK('tuma_sms', 0) ya MySQL. Hiyo 0 maana yake usisubiri, ikirudi 1 unaendelea, kinyume na hapo unatoka. Utamu wake ni kwamba kufuli limefungwa kwenye koneksheni, prosesi ikifa koneksheni inakatika na kufuli linaachiwa lenyewe, hakuna cha kuamka usiku kufuta kitu. COMMIT (amri ya kukamilisha muamala wa databesi) haiachii, usishangae. Na usitumie PDO::ATTR_PERSISTENT (koneksheni ya kudumu ya PDO, kiunganishi cha PHP na databesi) kwenye hiyo skripti, koneksheni inaweza kubaki hai na kufuli likabaki nayo. Seva zako zote lazima ziulize MySQL ileile, maana kufuli halivuki kwenda kwenye replika (nakala ya databesi kwenye seva nyingine).

Wanaotumia Laravel (fremuweki ya PHP), withoutOverlapping(), inayozuia kazi isianze tena ya awali ikiwa haijaisha, bila namba inashika dakika 1440, siku nzima, seva ikizimika katikati kazi inanyamaza mpaka kesho, weka withoutOverlapping(10). Na onOneServer(), inayofanya kazi iendeshwe na seva moja tu, inataka keshi (hifadhi ya muda) inayoshirikiwa na seva zote, keshi ya mafaili haifai.

Ila kufuli peke yake halitoshi. Skripti inaweza kufa ikiwa imeshatuma lakini haijaandika kwamba imetuma, ikirudi inatuma tena. Kwa hiyo mimi kila mstari naandika kwanza "inatumwa", nafanya COMMIT, ndo naita mtoa huduma wa meseji, halafu "imetumwa". Usimwite huku muamala uko wazi, wengine wanaotaka mistari hiyo watasubiri sekunde 50 kisha wapigwe erori 1205. Iliyokwama kwenye "inatumwa" naikagua kwa mkono, siitumi tena kwa kubahatisha, mkulima akichelewa kupata meseji ni afadhali kuliko kuhesabu hela ambayo haipo.

Kujaribu ni rahisi, weka sleep(90) baada ya kupata kufuli, fungua tamino mbili, ya pili inatakiwa itoke papo hapo. Halafu iue ya kwanza kwa kill -9 (amri ya kuua prosesi papo hapo) uite tena, ikiingia uko salama, isipoingia weka hapa mstari wako wa kuunganisha PDO, bila pasiwedi, tuuangalie.