Waya ya breisi: ipi inauma zaidi?

Pole, ndugu. Umeuliza kama waya nene ya chuma kisichoshika kutu, utakayowekewa wiki ijayo kwenye breisi zako (vifaa vya kunyoosha meno), itakuumiza kuliko ile nyembamba ya mwanzo. Kwa wengi, la.

Waya ya kwanza kwa kawaida ni ya nikeli na titani. Inapinda kwa urahisi, kisha inajirudisha polepole kwenye umbo lake na kuyavuta meno pamoja nayo. Nguvu yake ni ndogo lakini haikatiki, na wakati huo meno bado yamepindana, ndiyo maana siku zile zilikuwa ngumu. Ya chuma haipindi kirahisi. Ingewekwa mwanzoni ingeumiza sana. Daktari huisubirisha hadi meno yakaribie kunyooka, na hapo wengi husikia mkazo tu, hasa ikiwa ya pembe nne, kwa kuwa hiyo hugeuza hata mizizi.

Maumivu huanza saa chache baada ya kufungwa, hufikia kilele kama siku ya pili, kisha hupungua ndani ya wiki. Kula vyakula laini. Parasetamoli inasaidia, ukifuata kipimo cha kwenye pakiti. Kama waya yako ni ile ya nikeli na titani inayoamshwa na joto la mdomo, maji baridi huilegeza kwa muda.

Ncha ikichoma shavu, hilo si la kuvumilia: ifunike kwa nta ya breisi, umpigie daktari aikate. Na maumivu yakizidi wiki bila kupungua, rudi akuangalie.