Joto la Novemba lina raha zake

Karibu Mtwara, dada. Umeuliza mtu aliyezoea baridi ya Iringa atafurahia nini nyumbani joto la Novemba likianza.

Anza na alfajiri. Upepo wa kusi umeshapoa, wa kaskazi ndio unaingia, na uani kunakuwa na kijiubaridi. Mwagilia mchicha na bamia muda huo, kisha tandaza nyasi kavu kwenye tuta, maana kichanga chetu hakishiki maji.

Kama uani una mkorosho, una bahati kweli. Bibo, yaani tunda la mkorosho, lililoanguka usiku liokote mapema ulile siku hiyohiyo, haliwekeki. Linyonye umeinama mbele, kwani maji yake yakidondokea kanga, doa halitoki tena. Jekundu linapendeza macho, ila mimi nachagua la njano. Korosho yenyewe usiipasue kwa meno, tafadhali! Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi. Ianike kwanza, halafu ichome nje, ukae upande usiopata moshi.

Jioni nyunyiza maji uani, tandika mkeka chini ya mwembe. Vumbi likilowa linanukia, asumini nayo inafunguka jua likizama, na hapo mimi nasahau joto lote la mchana. Embe zikiwa bado changa zikate vipande vyembamba, tia chumvi na pilipili. Watoto wa jirani watakuja wenyewe bila kuitwa. Wagawie, ndivyo utakavyowajua na mama zao.