Maswali ya Wasomaji: Kumpigia Kura Mtu Unayemfahamu

SWALI: Mhariri, salaam. Mji wetu ni mdogo, na katika uchaguzi wa diwani wamejitokeza wagombea watatu ambao wote nawafahamu. Mmoja ni binamu wa mume wangu, wa pili ni mfanyabiashara anayesaidia wenye shida, na wa tatu ni mwalimu mstaafu asiye na maneno mengi. Wote wanaahidi barabara, maji na ajira kwa vijana. Nitampimaje mtu ninayemjua kiasi hiki? Na je, ataweza kujua kwamba sikumpigia kura?

JIBU: Dada yetu, ugumu unaoueleza ni wa mji mdogo hasa. Katika jiji kubwa mpiga kura humjua mgombea kwa picha ya bangoni na sauti ya redioni, lakini wewe unajua anavyolipa madeni, anavyozungumza na watu wasio na cheo, na anavyokuwa anapokasirika. Hayo ni mambo ya thamani, ambayo wapiga kura wengi duniani hawana namna ya kuyapata. Hatari yake ni kwamba humfanya mtu apime wema wa mgombea, akasahau kupima kazi anayoiomba.

Kwa hiyo anza na kazi yenyewe. Diwani, hata pale anapoitwa kwa jina jingine, si mkuu wa mji. Ni mjumbe wa baraza, na ana kura moja kama wenzake. Kwa kawaida baraza hilo hupitisha bajeti, hutunga sheria ndogo na huwasimamia watendaji wanaolipwa mshahara. Barabara kuu inayokatiza mjini mara nyingi iko chini ya serikali kuu, na aghalabu diwani hana mamlaka ya kumwajiri mtu. Mgombea anayeahidi kwamba vijana watapata ajira kwa mkono wake, ama hajui kazi anayoiomba, ama anaijua na anawaficha. Mambo yaliyo ndani ya uwezo wake huonekana madogo: mtaro ulioziba, taa ya barabarani, takataka zinazozolewa mara moja badala ya mara mbili kwa juma, ushuru wa soko na namna unavyokusanywa. Anayeyazungumza hayo kwa undani, hata kama hana sauti ya kuvutia jukwaani, amekwisha kuanza kazi kabla ya kuchaguliwa.

Nenda kwenye mikutano yao yote mitatu, na kila mmoja umwulize swali lile lile: katika kikao cha kwanza cha baraza utaomba nini, na ni matumizi gani uko tayari yapunguzwe ili fedha hiyo ipatikane? Sehemu ya pili ya swali ndiyo yenye uzito, kwa sababu bajeti ya mji mdogo haina nafasi ya kuongeza kitu bila kupunguza kingine. Sikiliza kama atataja jambo mahususi au atarudi kwenye salamu na shukrani. Akikiri kwamba hajui na kwamba atakwenda kuuliza, usimhesabie kosa.

Kisha tazama alivyoshika mali ya wengine. Katika mji mdogo karibu kila mtu amewahi kuwa mweka hazina, katibu au mwenyekiti wa kitu fulani. Miaka ya nyuma nilihudhuria mkutano wa kamati ya wazazi ambapo mweka hazina alikuja na daftari la kawaida la mistari. Kurasa za kushoto alikuwa amebandika risiti kwa gundi, na za kulia ameandika kila senti ilikokwenda. Pale risiti ilipokosekana aliandika kwa wino mwekundu kwamba haikutolewa, akaweka na jina la aliyeshuhudia malipo. Wazazi walimhoji karibu saa nzima, na wengine hawakuwa na adabu, lakini yeye aliendelea kufungua ukurasa mmoja baada ya mwingine bila kupandisha sauti. Hakuwahi kugombea cheo chochote, jambo ambalo hadi leo nalisikitikia. Waulize waliofanya kazi na wagombea wako kama wamewahi kuona daftari la namna hiyo mikononi mwao.

Kuhusu mfanyabiashara, sitaki kumdhania mabaya mtu mkarimu. Tazama tu ukarimu wake ulianza lini, na kama huwafikia hata wasio na kura. Tanzania iliwahi kulipitia jambo hili kwa njia ya sheria: mwaka 2000 marekebisho ya sheria ya uchaguzi yaliruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura wakati wa kampeni, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu hivyo kwa kuwa vinakinzana na Katiba. Nadhani mahakama ilitenda haki. Mgombea asiye na kitu hawezi kushindana na mkono unaotoa, na anayepokea hubaki na deni ambalo halikuandikwa popote.

Ama binamu, undugu unawadai kumsaidia akiwa na shida, kumwuguza akiugua na kumfariji akishindwa. Haukudai umkabidhi fedha za mji mzima, kwa sababu fedha hizo si zako peke yako hata uweze kumpa. Akifaa, mchague bila haya. Asipofaa, una njia ya kumnyima kura bila kuvunja ukoo, nayo ni siri ya sanduku.

Siri hiyo haikuwapo tangu mwanzo. Uingereza, kwa mfano, mpiga kura alitamka jina la mgombea wake hadharani, na mwenye nyumba au mwajiri wake akasikia, mpaka sheria ya mwaka 1872 ilipoleta kura ya siri. Koloni la Victoria huko Australia lilitangulia, mwaka 1856. Hapa Afrika Mashariki wapo wanaoukumbuka mlolongo wa Kenya wa mwaka 1988, ambapo katika uteuzi wa wagombea wa KANU, chama tawala cha wakati huo, wapiga kura walipanga foleni nyuma ya mgombea wanayemtaka, na kila jirani akaona jirani yake amesimama wapi. Kwa hiyo chumba kidogo cha kupigia kura kiliwekwa kwa ajili ya mtu mwenye shida kama yako. Matokeo yanapobandikwa kituoni, mgombea atajua alipata kura ngapi pale, lakini hatajua zilitoka kwa nani. Usiipige picha karatasi yako, usiandike jina lako juu yake, na anayekuuliza baadaye mwambie kwa upole kwamba ulipiga kura.

SWALI: Mimi ni mgombea, na mpinzani wangu, ambaye ndiye diwani wa sasa, ni jirani yangu. Wafuasi wangu wananihimiza niseme mambo ya nyumbani kwake niliyoyajua kwa ujirani. Nifanyeje?

JIBU: Usiyaseme, ndugu yangu, na usiruhusu yasemwe kwa niaba yako. Uliyoyaona kupitia ua na uliyoambiwa usiku alipokuja kuomba msaada ni amana, na anayesaliti amana ya jirani anawaonyesha wapiga kura atakavyozitumia siri za ofisi. Kwa kuwa yeye ndiye diwani, unayo hoja ya haki ambayo haihitaji kuchungulia nyumbani kwa mtu. Omba kuona mihtasari ya vikao vya baraza, ambayo katika nchi nyingi mwananchi ana haki ya kuisoma. Hesabu vikao alivyohudhuria na maombi aliyoyawasilisha, kisha uyaseme hayo kwa tarehe zake, naye apewe nafasi ya kujibu. Kazi hiyo inachosha, na kwa sababu hiyo wagombea wachache huifanya.

Nakushauri pia umwendee kabla kampeni hazijapamba moto, mkubaliane mambo machache: mabango ya mwenzio yasichanwe, watoto wasiingizwe katika maneno yenu, na mmoja akitukanwa na wafuasi wa mwingine, mgombea mwenyewe awakemee hadharani. Nasema hadharani kwa makusudi, kwani mfuasi anayekemewa faraghani huamini kwamba anakubaliwa.

SWALI: Kura yangu moja inaweza kubadilisha nini?

JIBU: Katika jimbo kubwa la uchaguzi ningekuwa na kazi ngumu ya kukujibu. Katika wadi au mtaa wenye wapiga kura mia chache, wagombea kulingana kura ni jambo linalotokea, na ndiyo maana sheria huliandalia utaratibu. Nchini Ufaransa, katika uchaguzi wa manispaa ndogo, waliolingana kura walitenganishwa kwa umri, mkubwa akachukua kiti. Uingereza huamuliwa kwa bahati nasibu. Mei 2017, katika uchaguzi wa baraza la Northumberland, wagombea wawili wa South Blyth walilingana hata baada ya kura kuhesabiwa upya, ikabidi wavute vijiti. Aliyeshinda alikuwa wa chama cha Liberal Democrats, na chama cha Conservative, ambacho mgombea wake ndiye aliyeshindwa kwa kijiti hicho, kikabaki na viti 33 kati ya 67, kimoja pungufu ya vile ambavyo vingekiwezesha kuliongoza baraza peke yake.